Mchuuzi wa Biblia na Binti Msomi

Mwezi wa Juni mwaka 1955 gazeti la Marekani liitwalo Harper's Bazaar, gazeti la mitindo ya nguo za wanawake, lilichapa hadithi fupi iliyoandikwa na Flannery O'Connor, mwanamke Mkatoliki wa Georgia. Jina la hadithi hiyo, tukiligeuza kwa lugha yetu, ni "Watu Wema wa Mashambani". Mwaka ule ule iliingizwa katika kitabu chake cha hadithi, na tangu hapo haijaacha kusomwa wala kubishaniwa. Leo twapenda kuitazama pamoja nanyi, maana yatuletea swali ambalo kila nyumba yapaswa kujiuliza: mtu akidanganywa, ni kitu gani ndani yake kilichomfungulia mdanganyifu mlango?

Kwanza tuisimulie kwa kifupi, kwa ajili ya wale ambao hawajaisoma.

Bibi Hopewell ni mwanamke mwenye shamba lake huko Georgia, kusini mwa Marekani. Jina lake katika Kiingereza lasikika kama "tumaini jema", nalo lamfaa, maana yeye hupenda kuona kila jambo kwa upande ulio mzuri, na kila neno gumu hulifunika kwa msemo uliokwisha kuchakaa: kwamba hakuna kitu kilicho kamili, kwamba maisha ndivyo yalivyo, kwamba watu wengine nao wana mawazo yao. Anaye binti mmoja, ambaye alimpa jina la Joy, yaani Furaha. Binti huyo alipokuwa na miaka 10 alipigwa risasi kwa bahati mbaya katika mawindo, akapoteza mguu, na tangu hapo hutembea kwa mguu wa mti. Sasa ana miaka 32. Amesoma mpaka akapata shahada ya udaktari katika falsafa, lakini moyo wake ni mgonjwa. Waganga wamesema kwamba akitunzwa sana huenda akafika miaka 45. Kwa hiyo amebaki nyumbani kwa mama yake, mahali asipopapenda, kati ya watu anaowaona kuwa wajinga.

Alipotimiza miaka 21, akiwa mbali na nyumbani, alibadili jina lake kisheria akajiita Hulga, maana ndilo lililosikika baya kupita yote masikioni mwake. Mama yake hakukubali kulitamka. Wala hajui namna ya kumweleza binti yake kwa jirani: angekuwa muuguzi au mwalimu, lingekuwa jambo la kutajika, lakini mwanafalsafa! Basi wanakaa wawili nyumba moja, mmoja akitabasamu, mwingine akinuna, na kati yao yuko Bibi Freeman, mke wa mkulima aliyeajiriwa pale shambani, mwanamke ambaye hakuna habari impendezayo kama ya ugonjwa wa siri au msiba wa mtoto wa mtu.

Siku moja kijana wa miaka 19 afika mlangoni, mkononi amebeba sanduku zito hata mwili wake umeinama upande mmoja. Asema jina lake ni Manley Pointer, naye achuuza Biblia. Bibi Hopewell hahitaji kununua, na chakula chake ki jikoni. Lakini kijana asema kwa unyenyekevu kwamba yeye ni mtu wa shamba tu, na kwamba watu wa daraja ya bibi huyu hawapendi kuzungumza na watu kama yeye. Neno hilo lamchoma mama. Ajibu kwa haraka kwamba watu wema wa mashambani ndio chumvi ya dunia. Kijana akiisha kusema kwamba moyo wake nao ni mgonjwa, na huenda hataishi siku nyingi, machozi yamlenga mama, naye amkaribisha mezani. Mezani kijana asimulia jinsi baba yake alivyopondwa na mti, na jinsi yeye mwenyewe atamanivyo kuwa mmisionari.

Wakati wa kuondoka kijana aonana na Hulga njiani, na wapatana kukutana kesho yake saa nne asubuhi. Usiku ule Hulga alala akiwaza jinsi atakavyomnasa kijana huyu mjinga, na jinsi baadaye atakavyoichukua aibu yake na kuigeuza iwe elimu. Kesho yake wanakwenda mpaka kwenye banda la nyasi kavu, wanapanda ngazi mpaka darini. Kijana amvua miwani na kuitia mfukoni. Amwomba aseme kwamba ampenda. Kisha amwomba amwonyeshe mahali mguu wa mti uungapo na mwili. Hulga ashtuka, maana mguu ule aliutunza kama mtu mwingine atunzavyo roho yake, kwa siri, karibu bila kuutazama mwenyewe. Lakini kijana asema kwamba mguu ule ndio umfanyao asifanane na mtu mwingine yeyote. Na Hulga, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aona kwamba amekutana na mtu mnyofu kweli. Amruhusu auvue.

Ndipo kijana afungua sanduku. Mle mna Biblia mbili tu, na moja imechimbwa ndani. Katika tundu lake mna chupa bapa ya wiski, karata zenye picha za uchafu, na kitu kingine ambacho ukurasa huu hauna haja ya kukitaja. Hulga ataka mguu wake, kijana akataa. Autia sandukuni, ajisifu kwamba amekwisha kupata vitu vingi vya namna hiyo, hata jicho la kioo la mwanamke mmoja, na kwamba jina la Pointer silo lake, maana kila nyumba huipa jina jingine. Mwisho amwambia yule msomi kwamba hana akili kiasi anachojidhania: yeye mwenyewe hakuamini kitu tangu alipozaliwa. Kisha ashuka ngazi, akimwacha msichana juu ya nyasi bila mguu wala miwani. Kwa mbali mama na Bibi Freeman, waliokuwa wakichimba vitunguu, wamwona akikatiza malisho. Mama asema kijana yule ni mnyofu mno, na kwamba dunia ingekuwa njema kama sisi sote tungekuwa wanyofu vile.

Tulipoisoma hadithi hii tulicheka, maana mwandishi ni fundi wa kuchekesha. Lakini kicheko hakikutudumu. Mara tulipofika mwisho tulirudi nyuma kuhesabu, nasi tukaona kwamba mwongo hakuingia peke yake katika nyumba ile. Uongo ulikuwa umekwisha kukaa mle kabla hajabisha hodi.

Tazameni. Kijana alipomwambia Bibi Hopewell kwamba haoni Biblia sebuleni, mama alijibu kwamba Biblia yake huiweka karibu na kitanda. Haikuwa kweli, Biblia ilikuwa darini, chini ya paa, mahali fulani kati ya vitu visivyotumika. Huo ni uongo mdogo, wa adabu, wa kuficha aibu ndogo. Hulga naye, alipoulizwa umri wake, alisema ana miaka 17. Darini kwenye nyasi, alipoona kwamba sasa moyo umeguswa, alisema kwamba kati yao pasiwe na hila yoyote, kwa hiyo lazima aungame ukweli: ana miaka 30. Lakini tumekwisha kusema kwamba ana miaka 32. Hata saa ile ya kuungama, mwanafalsafa huyu ajivunaye kwamba huona mpaka kiini cha mambo, alijipunguzia miaka miwili! Sisi twaona kwamba hakuna jambo katika hadithi nzima lililo dogo kama hilo, wala lililo la kweli kama hilo. Ni nani asiyelijua ungamo la namna hiyo, ambalo latoa kilo tisa za ukweli na kubakiza moja nyuma ya mlango?

Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo, aliandika vitabu viwili juu ya uongo, kimoja karibu na mwaka 395 na kingine karibu na mwaka 420, naye alishika neno lake kwamba uongo hauwi halali hata kidogo. Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, aliugawa uongo mafungu matatu: uongo wa mzaha, uongo wa kusaidia, na uongo wa kudhuru, akafundisha kwamba wote ni dhambi, ingawa uzito wake si mmoja. Mafundisho hayo yatusaidia hapa. Uongo wa mama si sawa na uongo wa binti, na wa binti aliyekusudia kumharibu kijana si mwepesi, hata kama hakufaulu. Na uongo wa yule mchuuzi, aliyekwenda nyumba kwa nyumba akiwaibia vilema, wapita wote kwa ubaya. Yafaa tuseme hivyo waziwazi, maana wako watu wa siku hizi ambao wakiona kwamba kila mtu ana kosa, hukata shauri mara moja kwamba makosa yote ni sawa, na mwizi hapati tena wa kumshtaki.

Lakini tukitaka kujua kwa nini walidanganyika, haitoshi kuhesabu uongo wao. Watu wengi husema uongo mdogo wala hawaibiwi mguu. Twafikiri kwamba sababu ni nyingine, nayo ni dharau.

Mama yule alikuwa na mafungu mawili ya watu wa chini yake. Fungu moja ni watu wema wa mashambani; fungu la pili ni takataka. Bibi Freeman na mumewe aliwaweka katika fungu la kwanza, ndiyo maana aliwaajiri. Kijana alipotaja neno "shamba", naye akatiwa papo hapo katika fungu lile, na tangu dakika hiyo mama hakumtazama tena. Hakuuliza atokako, hakuuliza ni nani amjuaye, hakufungua hata Biblia moja kati ya zile alizokuwa akiuziwa. Alimsifu, ndiyo, lakini sifa ile ilikuwa ya mtu asimamaye juu akimtazama aliye chini. Kumwambia mtu kwamba ni mwema kwa kuwa ni mnyofu, na kwamba ni mnyofu kwa kuwa ni mtu wa shamba, ni kusema kwamba hana akili ya kutosha kuwa mbaya. Mchuuzi alilisikia jambo hilo vizuri kuliko mama mwenyewe alivyolisikia, akalifanyia biashara.

Binti alijiona kuwa mbali sana na mama yake. Mama huamini misemo. Yeye haamini kitu. Siku moja wakiwa mezani alisimama ghafula, uso umemwiva na chakula ki kinywani, akamkemea mama kwa kumwuliza kama amewahi kujitazama ndani na kuona kile asichokuwa. Swali zuri kweli! Lakini mwenyewe hakujiuliza. Maana alipomwona kijana, naye alimtia katika fungu lile lile la mama yake, akabadili kibandiko tu: palipoandikwa "mwema" aliandika "mjinga". Mama alimwona kijana kama mtu wa kukaribishwa, binti alimwona kama mtu wa kuchezewa, na wote wawili hawakuona ya kuwa mbele yao yuko mtu mzima, mwenye akili, mwenye nia yake, awezaye kutenda mema na mabaya kama wao.

Na jambo latokea darini ambalo kwetu ni kilele cha hadithi yote. Karata zilipotoka katika Biblia, msichana aliuliza, karibu kwa kusihi, kama kijana huyu si mtu mwema wa mashambani tu. Maneno ya mama yake! Miaka yote aliyatemea mate, na saa ya hatari hakuwa na maneno mengine. Tena alimshutumu kijana kwa kuwa Mkristo mnafiki, asemaye hivi na kutenda vile. Asiyeamini Mungu alikuwa ametegemea, bila kujua, kwamba mwenzake aamini. Alitaka kumvua kijana imani yake kama mchezo, na kumbe alikuwa amejilaza juu ya imani ile kama juu ya godoro. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wasema wazee.

Hapa twajua kwamba baadhi ya wasomaji watatuuliza: Je, mwasema basi kwamba aliyedanganywa ndiye mwenye makosa? Hatusemi hivyo. Wako walioisoma hadithi hii wakafurahi, wakasema kwamba mwanamke mwenye kiburi amepata alichostahili. Sisi hatukubali. Hakuna kiburi kiwezacho kumpa mtu haki ya kumnyang'anya kilema mguu wake na kumwacha darini. Kudanganywa si dhambi. Watoto hudanganywa, watakatifu wamedanganywa, na mtu mwema, kwa kuwa hana hila, huenda akadanganywa upesi kuliko wengine. Tunalosema ni jambo lingine: yuko adanganywaye kwa sababu ya upendo wake, na yuko adanganywaye kwa sababu ya dharau yake, yule wa kwanza hana la kujuta, lakini yule wa pili, akiisha kulia, anayo nafasi ya kujifunza kitu.

Wengine watauliza: Basi dawa ni kutomwamini mtu yeyote? Mwandishi amelijibu swali hilo kwa kumweka Bibi Freeman pale. Mama aliposifu unyofu wa kijana, Bibi Freeman alijibu kwamba wako watu wasioweza kuwa wanyofu namna ile, na kwamba yeye mwenyewe asingeweza kamwe. Ni neno la mtu asiyedanganyika kwa urahisi. Lakini je, mwampenda Bibi Freeman? Jicho lake kali halikumsaidia mtu yeyote. Ajua siri za wote, huutazama mguu wa mti wa Hulga kwa tamaa ya kujua, na mchuuzi apita mbele yake, sanduku mkononi, naye aendelea kung'oa kitunguu. Macho yake yafanana na ya mchuuzi kuliko atakavyo kukubali, maana wote wawili wavutwa na kilema cha mwenzao. Mtu asiyemwamini yeyote huenda akaokoa mali yake, lakini hana faida kwa jirani yake aliye darini.

Bwana wetu alipowatuma wanafunzi wake aliwataka wawe na busara ya nyoka pamoja na upole wa njiwa, vyote viwili pamoja. Twadhani ugumu wa agizo hilo ni katika kule kuviunganisha. Ni rahisi kuwa kama mama, mwenye upole usiotazama. Ni rahisi kuwa kama Bibi Freeman, mwenye jicho lisilo na huruma. Kumtazama mtu vizuri na kumheshimu kwa wakati mmoja, hiyo ndiyo kazi. Na kumheshimu mtu ni pamoja na kukubali kwamba huenda akawa mwongo. Baba amwulizaye kijana aliyekuja kuposa binti yake kuhusu kwao na kazi yake hamtukani. Anampa heshima ya mtu ambaye majibu yake yana uzito. Asiyeuliza kitu, akatabasamu tu, ndiye amfanyaye mgeni kuwa picha ya ukutani.

Tumesema kwamba mwandishi alikuwa Mkatoliki, na yafaa tuseme machache juu yake. Flannery O'Connor alizaliwa Savannah, Georgia, tarehe 25 Machi mwaka 1925. Ugonjwa wa lupus, ule ule uliomwua baba yake mwaka 1941, ulimshika yeye pia akiwa kijana, ukamrudisha kuishi na mama yake katika shamba la Andalusia karibu na mji wa Milledgeville. Huko aliandika vitabu vyake, akafuga tausi, na tangu mwaka 1956 akawa akiandika mapitio ya vitabu kwa gazeti la Kikatoliki la Georgia, gazeti la namna ya hili mlilolishika mkononi. Miaka ya mwisho alitembea kwa magongo. Alikufa tarehe 3 Agosti mwaka 1964, mwenye miaka 39. Binti msomi, mgonjwa, aliyerudi shambani kwa mama yake: kila mtu aona alikomtoa Hulga. Alitumia hali yake mwenyewe kumchora mtu wa kuchekwa, na hilo lahitaji moyo. Tena alieleza baadaye kwamba alipokuwa akiandika hakujua kama mchuuzi ataiba mguu, mpaka ilipobaki mistari kama kumi au kumi na miwili kabla ya wizi wenyewe. Na alipojua, aliona kwamba haikuwezekana iwe vingine.

Walakini haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Georgia ya mwaka 1955 ilikuwa nchi ya sheria za ubaguzi, ambamo mtu Mweusi aliwekwa katika fungu lake tangu kuzaliwa mpaka kuzikwa. Hadithi yetu yatembea katika nyumba ya Wazungu tu. Barua za faragha za mwandishi huyu, zilizosomwa na watu baada ya kifo chake, zimeonyesha maneno ya dharau juu ya watu Weusi, maneno yasiyo na udhuru. Kwa sababu hiyo, mwaka 2020 chuo kikuu cha Kikatoliki cha Loyola huko Maryland kiliondoa jina lake katika bweni moja la wanafunzi, kikaliita kwa jina la Sista Thea Bowman, mtawa Mweusi mzaliwa wa Mississippi. Wako waliosema kwamba tuache kumsoma. Sisi twaona kwamba yafaa kumsoma tukijua hayo. Yule aliyeonyesha kwa ustadi mkubwa jinsi dharau ipofushavyo macho, naye alikuwa na mahali ambapo macho yake yalipofuka. Hadithi yake yamhukumu yeye pia, na hilo halipunguzi ukweli wake. Laiti kuijua dalili ya ugonjwa kungetosha kumponya mganga!

Sasa tuseme neno moja kwa wazazi, maana jambo lililotuumiza kuliko yote si wizi wa mguu. Ni mahali alipokuwapo mama wakati wa wizi. Hakuwa mbali. Alikuwa katika shamba lake mwenyewe, jua likiwaka, akichimba vitunguu kwa ajili ya jikoni. Jana yake alimwona binti yake akizungumza njiani na yule kijana, akajiuliza wamesema nini, lakini hakumwuliza. Kwa nini? Kwa sababu kati yao swali la kweli lilikuwa limekwisha kukoma siku nyingi. Mama alikuwa akimfikiria binti wa miaka 32 kama mtoto bado, akasikitika kimoyomoyo kwa ajili ya mguu wake, akawaonyesha wageni uso wa furaha. Binti alijibu kwa kukanyaga sakafu kwa kishindo kuliko ilivyohitajika. Hata mama alimdharau binti kwa namna yake ya upole, na binti alimdharau mama kwa namna yake ya ukali, na kila mmoja alimjua mwenzake kama mtu ajuavyo kiti cha nyumbani kwake.

Basi mgeni alipokuja, alimpa kila mmoja kile ambacho mwenzake alikuwa amemnyima. Kwa mama alileta masikio ya kusikiliza misemo yake na shukrani kwa chakula chake. Kwa binti alileta mtu wa kuutaja mguu wake bila kugeuza uso. Ndivyo wadanganyifu wafanyavyo mpaka leo, wawe wanapiga hodi mlangoni au wanaandika barua za mapenzi kwa simu: huchunguza ni kitu gani kimepungua katika nyumba, wakakileta, hata kama ni cha bandia. Mtoto asiyepata nyumbani mtu wa kumwuliza kwa heshima ana mawazo gani, hofu gani, haya gani, atamshukuru mtu wa kwanza atakayemwuliza. Nasi hatuwezi kuchagua huyo wa kwanza awe nani.

Hatuandiki haya ili kuwatia hofu ya wageni. Ukarimu ni fadhila, wala wizi mmoja hauufuti. Twawaomba kitu kilicho kigumu zaidi: kwamba kila mmoja wetu amtazame upya yule anayedhani kwamba amekwisha kumjua, awe mtumishi, jirani, mwuzaji wa mlangoni, au mtoto wake mwenyewe mezani. Tumwulize swali ambalo hatujui jibu lake, na tukae kimya mpaka ajibu.

Mwandishi hakutuambia ni nani aliyepanda ngazi ya banda lile jioni, wala maneno gani yalisemwa huko. Sisi tumetamani awe mama. Tumemwona moyoni akitafuta, akiita, mwanzo kwa jina la Joy asijibiwe, kisha, kwa taabu, kwa jina lile la pili ambalo hakukubali kulitamka kamwe. Hayo hayamo katika kitabu. Lakini katika nyumba zetu ngazi bado ipo, na hatuna haja ya kungoja mwizi aje ndipo tupande.